Jumamosi Baada ya Mvua ya Mawe

Jumanne, mwezi wa Machi, 1970. Asubuhi ukungu mzito na baridi; alasiri mvua ya mawe.

Tarehe yenyewe siikumbuki, na sitaki kuweka namba ambayo sina hakika nayo. Najua ilikuwa Jumanne kwa sababu Jumanne tulikuwa tunapeleka majani chai kwenye kituo cha kununulia. Najua pia ilikuwa wiki ya kuelekea Jumapili ya Matawi ya Wakatoliki, kwa sababu Jumapili hiyo nayo ina sehemu yake katika mambo haya. Mengine nitayaeleza kadiri ninavyoyakumbuka. Kama kuna mtu wa upande wetu aliye hai na anakumbuka tofauti, huenda yeye ndiye mwenye haki. Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la saba, bila cheti.

Watu wa nchi za joto huwa hawaamini nikiwaambia kwamba kwetu, huku juu upande wa Gesima, ardhi inaweza kulala nyeupe usiku kucha. Si theluji. Theluji tuliiona kwenye picha ya kitabu cha kusomea tu, na watoto waliokuwa ndani ya picha ile walikuwa na viatu. Yetu ni mawe ya barafu. Huanza moja moja kwenye majani ya migomba, halafu ghafla humsikii hata aliyekaa kando yako. Siku hiyo Mama alichukua jembe akalirusha uani, makali yakitazama juu, kama mama yake alivyokuwa akifanya ili mvua ikatike. Baba yetu, ambaye sote tulimwita Tata kama ilivyo desturi kwetu, alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato, na mambo hayo ya zamani hakuyataka nyumbani mwake. Siku hiyo alinyamaza. Labda hakuona. Labda aliona, lakini macho yake yalikuwa kwenye chai.

Ilipokatika tulitoka nje. Kila kitu kilikuwa cheupe mpaka chini mtoni. Majani ya migomba yalikuwa yamechanika kama nyuzi za katani, mahindi yamelala, na michai imebaki vijiti. Hewa ilinuka majani mabichi yaliyopondwa, harufu ambayo siku nyingine ni ya kufurahisha. Tata aliingia shambani, akaokota majani, akayaangalia, akayatupa.

Mimi, nisidanganye, sikuwa nikiwaza chai. Nilikuwa nawaza Alhamisi.

Alhamisi ile darasa la saba tulikuwa tufanye majaribio. Wanafunzi wa darasa hilo walikuwa wengi, na mwalimu mkuu hakupeleka majina ya wote kwa mtihani wa mwisho wa mwaka. Alitunga majaribio yake mwenyewe katika muhula wa kwanza. Ukipita, jina lako linapelekwa ofisi ya elimu kule Kisii. Usipopita, unarudia darasa mwaka ujao. Wengine watasema ule ulikuwa ukali, lakini shule jirani zilipeleka kila mtu na watoto wakaanguka kama maembe mabovu. Yake ilifaulisha. Na mimi nilikuwa mtoto wa kupita. Nasema hivyo kwa kusitasita, maana hakuna karatasi inayoweza kuthibitisha, lakini katika darasa lile tulikuwa tukishindania nafasi ya kwanza mimi na msichana mwenzangu, jirani yetu, na mwaka ule nilikuwa nimemshinda.

Shule hiyo ilikuwa ya Wakatoliki. Ya Wasabato ilikuwepo, lakini ng'ambo ya vilima viwili, na Tata alikuwa ameona kwamba mtoto wa miaka saba hawezi kufika huko wakati wa masika akarudi mzima. Ndiyo maana nikawekwa kwa Wakatoliki, kwa sababu ya mvua.

Jumatano asubuhi mawe yalikuwa bado hayajayeyuka, hasa kwenye mitaro na chini ya ua. Yalikuwa yameshikana yakawa kama chumvi ya mawe. Mama alinikunjia gunia la katani, kona moja ndani ya nyingine, likawa kofia na koti kwa pamoja, akanipa viazi vitamu viwili vya kuchoma, kimoja kila mkono. Vile viazi havikuwa vya kula, bali vya kushika. Ulivila ulipofika, vikiwa vimepoa.

Jirani yangu alikuwa ananingoja njiani na gunia lake. Tulikuwa tumekwenda shule pamoja tangu darasa la kwanza. Miguu mitupu, wote wawili.

"Wewe Msabato," akasema, "hebu niangalizie miguu yangu. Bado iko?"

"Iko. Lakini mmoja naona ni wa mtu mwingine."

"Wa nani?"

"Wa bibi yako."

Tulicheka mpaka tukaumwa meno kwa baridi. Mbele kidogo tulikuta ng'ombe wa watu wamelala chini ya mti. Tukawainua kwa kelele, tukasimama pale walipokuwa wamelala, maana pale udongo una joto. Kila mtoto wa kwetu aliyekwenda shule miaka hiyo anajua ujanja huo. Mwenye ng'ombe alitoka akatutukana kwa magunia yetu na kwa mama zetu. Tukakimbia.

Daraja halikuwepo. Lilikuwa la magogo mawili tu, na mto ulikuwa umeyabeba yote. Tulipanda kandokando ya mto mpaka mahali penye mawe makubwa, tukavuka tukishikana mikono, maji yakitufika magotini na vipande vya barafu bado vikielea. Sikuwa na hofu. Nilijua tu kwamba siwezi kukosa shule wiki ile.

Shuleni tulimkuta mwalimu mkuu amesimama uwanjani na gunia kichwani kama sisi. Hiyo peke yake ilitosha kutuchekesha, lakini hakuna aliyethubutu. Nusu ya paa la nyasi la darasa letu ilikuwa chini.

"Rudini nyumbani," akasema. "Shule imefungwa mpaka Jumatatu. Darasa la saba peke yao waje Jumamosi, saa mbili asubuhi. Majaribio."

Jirani yangu akanitazama.

"Mwalimu," nikasema, "Jumamosi?"

"Jumamosi."

"Mimi ni Msabato, mwalimu."

"Najua wewe ni Msabato. Kamwambie mvua. Mimi nilipanga Alhamisi, yeye ndiye aliyepangua."

Wenzangu walicheka. Nadhani aliona uso wangu, kwa sababu alishusha sauti. Alikuwa mtu mkali, lakini hakuwa mtu mbaya, na hilo ni lazima niliseme. "Mtoto, angalia lile paa. Niwaweke wapi kesho? Wazazi watatengeneza daraja na paa, watamaliza Ijumaa jioni. Jumatatu asubuhi natelemka Kisii na majina, ofisi imesema si zaidi ya hapo. Imebaki siku gani?"

"Jumapili, mwalimu."

Hapo ndipo walipocheka kweli kweli. Mvulana mmoja akasema, "Mwalimu, tufanyie Misa ya hesabu!" Mwalimu naye akatabasamu. Mimi sikuona kichekesho. Miaka mingi ilipita ndipo nikaona kwamba nilikuwa namwomba yeye avunje siku yake ili mimi nisivunje yangu, na nilikuwa namwomba bila hata haya, kana kwamba siku yake ni siku tu.

Nilirudi nyumbani nikamkuta Tata anapogoa michai iliyovunjika. Nikamwambia. Panga liliendelea.

"Alisema Jumamosi? Hukusikia vibaya?"

"Sikusikia vibaya, Tata. Muulize jirani."

"Basi huendi."

Alilisema bila hasira. Mama alikuwa mlangoni anapeta wimbi, akaacha ungo.

"Baba watoto," akasema, "kwenye Biblia si imeandikwa ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Sabato, atolewe?"

"Mtihani si ng'ombe."

"Ni kweli. Ng'ombe ungemtoa."

Sijawahi kumsikia Mama akisema naye namna hiyo, kabla wala baada. Tata akarudi kwenye michai yake. Lakini lazima nieleze alikuwa amesimama mahali gani, la sivyo nitamwonea. Mwezi wa Januari mwaka huo huo, muumini mmoja wa kanisa letu alikuwa amechuma chai siku ya Sabato kwa kuogopa majani yatakomaa. Tata ndiye aliyesimama mbele ya kanisa akamwambia akiri au aondolewe. Yule mtu alilia mbele ya mama zetu na sisi watoto, na akaondolewa. Sasa Tata angempelekaje binti yake kwenye mtihani siku hiyo hiyo ya Sabato, halafu arudi kukaa kiti cha mbele? Nimelifikiria hili mara nyingi. Kila nikilifikiria naona alikuwa sawa, na kila nikiona alikuwa sawa naumia upya.

Jioni akaniita. "Usilie. Yule mwalimu ni mtu wa heshima, si mtoto mdogo. Jumapili nitakwenda kwake, nitamsalimia vizuri, nitamweleza. Atakupa karatasi yako peke yako. Watu wazima huongea."

Mama akasema, "Si utamwona kesho kwenye kazi ya daraja?"

"Kwenye kazi? Nimwombe nikiwa na panga mkononi? Ataona nimekuja kuuza jasho langu."

Hili huenda msomaji wa mahali pengine asilielewe. Kwetu, watu wakiitana kwenye kazi ya pamoja, kulima au kujenga au kuokoa nyumba iliyobomoka, hakuna anayekuja na shida yake mkononi. Ukiomba siku hiyo, utakuwa umegeuza msaada kuwa malipo, na watu watakucheka nyuma ya mgongo hata baada ya kupewa ulichoomba. Unangoja. Unakwenda siku nyingine, umenawa, umevaa koti, mikono mitupu. Wote walijua hivyo, Tata, mwalimu na hata mimi. Nilitamani aombe pale pale, lakini nilijua hataomba.

Alhamisi na Ijumaa alikwenda. Walikata mikaratusi mikubwa wakaitelemsha mtoni, wakaifunga kwa waya na kamba za migomba. Tata ndiye aliyejua kufunga. Wengine walishika tu alipowaambia washike. Halafu wakapanda shuleni kuezeka paa. Nilipewa kazi ya kupeleka uji, na mara zote mbili nilimkuta yeye na mwalimu mkuu juu ya paa moja, mmoja anapitisha nyasi na mwingine anafunga, wakizungumza kama ndugu.

"Mzee huyu," mwalimu aliwaambia wengine akinyoosha kidole chenye matope, "bila yeye kesho tungefanya majaribio chini ya migomba."

"Migomba gani?" mtu akauliza. "Imebaki fagio tupu!"

Wakacheka wote. Tata naye akacheka, na nikangoja. Nilisimama na kibuyu cha uji nikingoja aseme, tu, hivi hivi, kwa utani hata: binti yangu naye je? Hakusema. Mwalimu naye hakuuliza. Huenda alikuwa anangoja kuulizwa. Huenda alikuwa amesahau. Alikuwa na watoto wengi. Sitaki kumwekea moyoni mambo ambayo sikuyaona.

Ijumaa alirudi kabla jua halijazama, akaoga, akavaa shati safi. Nilimuuliza, "Umemwambia?"

"Jumapili," akasema. Na Sabato ikaingia.

Asubuhi ya Jumamosi jirani yangu alipita kwenye njia ya juu na kalamu ya risasi imechomekwa kwenye nywele. Akaita, "Unakuja?"

"Siji."

Akasimama kidogo. "Basi nitakuja jioni nikuambie maswali." Alisema kwa wema. Alikuwa na moyo huo, wa kudhani kwamba maswali ndiyo niliyokuwa nikiyakosa.

Kanisani tulikaa kama siku zote, wanaume huku na wanawake kule. Kanisa letu liko juu, na kupitia dirisha ungeweza kuona ng'ambo ya mto lile paa la shule, upande mmoja mweusi na upande mmoja mpya, wa rangi ya asali. Nililitazama wakati wa kukariri fungu, wakati wa kuimba, na wakati Tata aliposimama kuomba. Tulikuwa Wasabato watatu darasani kwetu. Nikawatafuta wale wawili kwenye viti, mama zao wakiwepo, wao siwaoni. Nilijiambia wanaumwa. Baada ya mvua kama ile watoto wengi waliumwa kifua.

Jioni, jua lilipozama na Sabato ikatoka, jirani alikuja kama alivyoahidi. Tulikaa juu ya rundo la kuni nyuma ya jiko. Akanisomea maswali kutoka kichwani mwake, moja baada ya jingine, nami nikajibu. La tangi la maji nilijibu. La mfanyabiashara na magunia nilijibu. La ramani, la mito inayoingia ziwani, nilijibu lote. Mara mbili akasema, "Ala! Mimi hilo nimekosa."

Je, nilikuwa nimepata? Sijui. Labda nilikosea na yeye pia alikosea, hakuna kati yetu aliyejua. Labda aliyakumbuka vibaya. Kwa miaka mingi nimekuwa nikisema moyoni kwamba nilipata yote, lakini hakuna aliyesahihisha, kwa hiyo sina haki ya kusema hivyo.

Akiondoka akaniambia, "Lakini wale wenzenu wawili walikuja. Hukuambiwa?"

Sikuwa nimeambiwa. Nasikia kanisa lilizungumza na baba zao baadaye, polepole, pembeni, bila kumsimamisha mtu. Tata alikuwepo kwenye mazungumzo hayo. Kwa nini safari hii hakusimama mbele ya watu, sikumuuliza, na yeye hakunieleza.

Jumapili tulikwenda wawili, Tata kavaa koti, mimi nimevaa gauni langu la Sabato. Mama alitaka tubebe mkungu wa ndizi, Tata akakataa. "Itaonekana hongo." Tulipofika karibu na shule tukakutana na maandamano ya Wakatoliki yakitoka kwenye Misa. Siku hiyo ndiyo ya kubeba matawi, lakini mawe yalikuwa yameharibu kila jani la upande ule, kwa hiyo walikuwa wamekata saipresi za ua, wengine wameshika vijiti vyenye majani mawili. Waliimba vizuri. Mwalimu mkuu, ambaye pia alikuwa katekista, alikuwa mbele kabisa, amevaa kanzu nyeupe. Tata alitoka njiani, akavua kofia mpaka walipopita wote.

Tulimngoja nyumbani kwake. Alikuja, akatupokea kwa furaha, mke wake akaleta chai ya maziwa. Waliulizana habari za ng'ombe, za mvua, za daraja. Halafu Tata akaweka kikombe chini akaeleza, kwa utaratibu, kama mtu aliyeyapanga maneno yake siku tatu. Alisema binti yake hakudharau shule. Alisema anaomba apewe karatasi yake, leo, akae peke yake hata jikoni, hata chini ya ua, mwalimu asahihishe atakavyo.

Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee," akasema, "ungeniambia juzi tukiwa juu ya paa."

"Tulikuwa kazini."

"Ni kweli." Akatikisa kichwa. "Ni kweli, ningewaza vibaya. Lakini sikiliza, mzee wangu. Jana ilikuwa siku yako, na mimi sikuja kukuvuta kwa mkono. Leo ni yangu. Tena si Jumapili tu, ni ya Matawi. Nimetoka kuwaambia Wakristo wangu pale mbele wasiguse kazi. Sasa nikae hapa nisahihishe hesabu?"

Nilimtazama Tata. Nilitaka aseme lolote, akasirike, amwambie kwamba kusahihisha karatasi moja si kazi, amwambie habari ya ng'ombe na shimo. Mtu mwingine yeyote angebishana. Mlevi wa sokoni Keumbu angebishana mpaka apewe ile karatasi. Tata aliinamisha kichwa.

"Haki yako," akasema.

Alimwelewa upesi mno. Uchungu wangu upo hapo, na sijui niuweke kwa nani. Katika mlima ule mzima walikuwa watu wawili tu ambao wangeweza kuelewana namna ile bila maelezo, na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao na kikombe cha chai.

"Lakini si neno," mwalimu akasema. "Njooni kesho alfajiri kabla sijaondoka. Nitampa karatasi, nitasahihisha akimaliza, jina lake naliongeza mwisho. Mapema lakini. Gari la Keumbu halingoji mtu."

Tulirudi karibu tukikimbia kwa furaha. Tata alinishika bega njiani, jambo ambalo hakulizoea. "Nilikuambia," akasema. "Watu wazima huongea."

Usiku ikanyesha. Si mawe safari hii, maji tu, lakini maji ya kumwagwa. Tulitoka gizani na taa ya chemni, na tulipofika mtoni hatukuliona daraja. Lilikuwepo, ungeona waya ukitoka majini upande huu na ukiingia upande ule, lakini magogo yalikuwa chini ya maji na maji yalikuwa yanakwenda kwa nguvu.

"Tata, tuvuke. Si wewe uliyelifunga?"

"Kwa sababu ni mimi niliyelifunga," akasema.

Alitumbukiza fimbo, akaitoa, akaitumbukiza tena. Tulingoja. Kulipambazuka. Tukasikia honi ya gari ng'ambo, mara ya kwanza na ya pili. Nililia kwa sauti, na Tata alisimama amenipa mgongo, fimbo yake majini, akitazama kama maji yanashuka. Yakashuka, basi. Daraja lilikuwa zima, hata fundo moja halikulegea. Tukavuka.

Mke wa mwalimu alikuwa anafagia uani. Tata akamsalimia, "Bwakire, mama," kama mtu asiye na haraka.

"Bwakire, mzee. Ameondoka." Akaegemeza fagio ukutani. "Aliwangoja. Nawaambia kweli, alikaa na koti mwilini pale mlangoni mpaka gari likapiga honi mara ya pili. Akaniuliza, hawa wamebadili nia? Nikamwambia labda ni mto."

"Ni mto," Tata akasema.

Yale mengine niyaseme haraka. Mwalimu aliporudi alisema nirudie darasa mwaka ujao, nafasi ipo, na alisema kwa moyo mweupe. Nilikaa darasani mpaka mwisho wa mwaka nikiwatazama wakijiandaa kwa mtihani usio wangu. Jirani yangu alifaulu akaenda shule ya bweni ya wasichana. Wale Wasabato wawili wakafaulu pia. Januari Mama alijifungua vibaya, akawa hainuki, na mimi nikakaa nyumbani muhula mmoja kumsaidia. Muhula huo haukuisha. Hakuna aliyeniambia usirudi. Hakuna aliyeniambia rudi.

Siku ile ya Jumatatu tulifika nyumbani mchana. Mama aliangalia nyuso zetu, hakuuliza, akaingia jikoni. Mboga zote zilikuwa zimemalizwa na mawe. Jioni tulikula ndizi changa, zile za mikungu iliyoanguka kabla ya kukomaa, zimechemshwa kwa chumvi, ngumu, hazina unga, pamoja na maziwa ya mgando kikombe kwa kila mtu. Tata aliomba juu ya chakula maombi marefu kama kawaida yake. Mama hakuitikia amina. Au aliitikia polepole, nami sikumsikia. Tulizila zote.